Pikapu Haiimbi Peke Yake
Hotuba kwa wapigaji magitaa wa kwaya na bendi pamoja na mafundi wa redio, jijini Dodoma

Ndugu mwenyekiti, waalimu wa kwaya, wapigaji wa bendi, mafundi wa redio mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii ili tukae pamoja, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha pikapu za gitaa la umeme, yaani vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi, na kufunga upya nyaya zake. Nitafanya hivyo, lakini nitaanza kwa kupunguza matumaini ya baadhi yenu mliokuja na orodha ya pikapu mnazotaka kuagiza. Magitaa mengi yanayoletwa kwa fundi kwa madai kwamba pikapu zake zimekufa au hazina nguvu huwa na pikapu nzima kabisa. Ubovu uko kwenye voliamu, yaani vile vidhibiti vya kuzungusha vya sauti na toni, kwenye ethi, yaani waya wa ardhi, kwenye waya mrefu unaokwenda kwenye amplifaya, au kwenye kimo ambacho pikapu imewekwa chini ya nyuzi. Pikapu ni sehemu moja ya sakiti, na mtu anayebadilisha sehemu hiyo bila kuzipima zilizobaki anabahatisha kwa fedha zake mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na yote nitakayoyasema yanaitegemea.

Tuanze na kile kinachotendeka ndani. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba uliopakwa vanishi, waya mwembamba kiasi kwamba kipenyo chake cha kawaida ni takriban milimita 0.063. Pikapu ya koili moja, kama zile za gitaa la Fender Stratocaster lililoanza kuuzwa mwaka 1954, huwa na mizunguko inayokaribia 8000 ya waya huo. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, uga wa sumaku nao unatikisika, na ndani ya koili huzaliwa umeme mdogo unaofuata mtetemo wa uzi. Kanuni hiyo ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831, na ilikaa karibu miaka 100 kabla ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Marekani, kuitumia kwenye gitaa la kuuzwa. Hataza ya Beauchamp ilitolewa mwaka 1937.

Hapo mtaona kwa nini nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya sumaku hata zikipigwa kwa nguvu namna gani. Mtaona pia kwamba kitu kingine chochote cha chuma kinachotetemeka juu ya sumaku hiyo kinaweza kusikika. Nasema hili hapa Dodoma kwa makusudi, kwa sababu ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia, ina ndimi za chuma. Kule Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilifunga pikapu za kujitengenezea kwenye likembe, ambayo ni ndugu wa ilimba, kwa kutumia sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu. Kwa hiyo asiwepo fundi humu ndani anayedhani kwamba pikapu ni kitu cha kiwandani kisichoguswa na mkono wa mtu wa kawaida. Ikiwa wapo wanaosuka upya koili za mota na feni mjini hapa, na wapo, basi maarifa ya kusuka pikapu hayako mbali nao; tofauti kubwa ni kwamba waya wa pikapu unakatika kwa kuvutwa kidogo tu.

Sumaku zenyewe huwa ama za aliniko, yaani mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti, ama za seramiki. Nikeli na kobalti zimo hata ardhini kwetu, Kabanga wilayani Ngara, ingawa bado sijaona sumaku ya gitaa iliyotokana na madini hayo. Aliniko husifiwa kwa sauti laini na seramiki kwa ukali. Sifa hizo zina ukweli kiasi, lakini idadi ya mizunguko na umbo la koili vina uzito mkubwa kuliko jina la sumaku.

Koili inayosikia uzi inasikia vilevile umeme wa nyumba. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na kila waya wa ukutani, kila transfoma na kila taa ya mrija inatawanya kiasi chake hewani. Ndiyo sababu gitaa la koili moja linavuma ukikaa karibu na mashine, na mvumo unabadilika ukigeuza mwili wako. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, akaipata mwaka 1959. Koili hizo mbili zimegeuziana ncha za sumaku na pia zimeunganishwa kinyume, hivi kwamba ishara ya uzi inajumlika wakati mvumo wa umeme unajifuta wenyewe. Hiyo ndiyo pikapu ambayo wapigaji wanaiita hambaka.

Sasa tuje kwenye kipimo, kwa maana kipimo kinatangulia bisibisi. Hamna haja ya kufungua gitaa. Chomeka waya wa gitaa kwenye tundu la jeki, fungua voliamu zote hadi mwisho, weka mita ya kupimia umeme kwenye kipimo cha ukinzani cha kiloomu 20, kisha shika ncha ya jeki ya upande wa pili kwa waya mmoja wa mita na shina lake kwa waya wa pili. Pikapu ya koili moja husoma kati ya kiloomu 5.5 na 7. Hambaka ya mtindo wa zamani husoma kati ya 7.5 na 9. Hambaka zinazouzwa kwa jina la nguvu husoma 12 hadi 16. Swichi ikiwa katikati, pikapu mbili zikiwa zimefungwa sambamba, utasoma karibu nusu ya pikapu moja, na hilo si kosa.

Pikapu iliyokatika ndani haitasoma kitu kwenye kipimo hicho. Ukipandisha mita hadi kipimo cha juu utasoma karibu kiloomu 250 au 500, na hapo unachokisoma si pikapu tena bali voliamu peke yake. Usiitupe pikapu hiyo mara moja. Mara nyingi waya umekatikia pale ambapo ule mwembamba unaungana na ule mnene wa kutokea nje, na fundi mwenye macho mazuri na mkono mtulivu anaweza kuukwangua vanishi na kuulehemu upya.

Naomba pia jambo moja lieleweke hapa, kwa sababu limewapotezea watu fedha nyingi: ukinzani si kipimo cha uzuri, na hata kuwa kipimo cha nguvu ni kwa kulinganisha tu pikapu za umbo moja na waya wa unene mmoja. Mpigaji wa sebene anayeagiza pikapu ya kiloomu 16 kwa sababu namba ni kubwa atapata sauti nene, yenye katikati iliyojaa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusukuma amplifaya mpaka ikwaruze. Muziki wa dansi wa bendi zetu, pamoja na magitaa ya kwaya yaliyourithi, unataka kila noti isikike imetengana na jirani yake, solo ipite juu ya ridhimu, na ridhimu isimeze besi. Kwa kazi hiyo pikapu yenye mizunguko michache inafaa zaidi, na mara nyingi ndiyo iliyomo tayari kwenye gitaa la bei ya chini ambalo mwenyewe analidharau.

Nije kwenye waya wa kuendea amplifaya, ambao hakuna anayeushuku. Koili ya pikapu, ikiunganishwa na uwezo wa waya kuhifadhi chaji, inafanya mahali fulani pa masafa paimbe kwa nguvu kuliko pengine, na kupita hapo sauti inaanguka haraka. Mahali hapo ndipo mpigaji anapoita ung'avu wa gitaa. Uwezo huo wa kuhifadhi chaji, kwa waya wa kawaida, ni takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Pikapu ya koili moja yenye indaktansi, yaani uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo, wa henri 2.4, ikifungwa kwenye waya wa mita 6, kilele chake kinakuwa karibu na mizunguko 3900 kwa sekunde. Waya ukiwa wa mita 3 tu, kilele kinapanda hadi karibu 5100. Kanisani mara nyingi nimekuta waya wa mita 10 uliounganishwa katikati kwa utepe, na mpigaji analalamika kwamba pikapu zake zimefifia. Hizo pikapu hazina tatizo. Msogezee amplifaya karibu, au mpe waya mfupi ulio mzima, kisha asikilize tena kabla ya kuagiza chochote.

Baada ya waya ni voliamu, na hapa naomba mafundi wa redio mnisikilize kwa makini zaidi. Voliamu ya sauti na ile ya toni zote mbili zimefungwa kati ya waya wa ishara na ethi. Hata zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, sehemu ya ishara hupita humo kwenda ethi, kama maji yanayovuja kwenye bomba lenye tundu dogo ubavuni, na kinachopungua kwanza ni kile kilele cha ung'avu nilichokitaja. Kadiri kiloomu zinavyokuwa chache, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Desturi iliyozoeleka ni kutumia kiloomu 250 kwa pikapu za koili moja, ambazo zina ukali wa kutosha na zinahitaji kutulizwa, na kiloomu 500 kwa hambaka, ambayo kwa asili imeinamia upande wa chini. Anayeng'oa pikapu za koili moja akaweka hambaka huku akiacha voliamu za 250 atapata sauti iliyofunikwa, kisha lawama zote zitaiangukia pikapu mpya.

Voliamu zinazopatikana kirahisi kwenye vibanda vya redio ni za kiloomu 10, 50 na 100, kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye redio na sabufa. Zikifungwa kwenye gitaa lisilo na betri, gitaa litalia, na fundi ataona kazi imekwisha. Lakini sauti itakuwa imezibwa na nguvu imeshuka, na mpigaji hataweza kueleza kilichopotea. Zipo pikapu zenye kikuza sauti kidogo ndani yake zinazotumia betri ya volti 9, na hizo kweli hutaka voliamu ya kiloomu 25. Ukiona betri, usifuate mchoro wa gitaa la kawaida. Ukiwa huoni betri, usiweke voliamu ya redio.

Angalia pia herufi iliyoandikwa mgongoni mwa voliamu. Kwa zile zinazouzwa siku hizi, A huwa na mpando unaolingana na jinsi sikio linavyosikia, na B hupanda kwa hatua sawa za ukinzani. Voliamu ya sauti yenye herufi B huonekana kama haifanyi kitu kwa sehemu kubwa ya mzunguko wake, kisha sauti inadidimia ghafla karibu na mwisho. Namba iliyoandikwa nayo si ya kuaminiwa kwa macho: voliamu nyingi zina ruhusa ya kupotoka kwa asilimia 20, kwa hiyo iliyoandikwa 500 inaweza kuwa 400 au 600. Pima kabla ya kulehemu. Pima hata tundu la ubao, kwa sababu shingo ya voliamu kubwa ya Kimarekani inahitaji tundu la karibu milimita 9.5, na magitaa mengi ya Asia yametobolewa kwa voliamu ndogo.

Kapasita ya toni, yaani kile kihifadhi chaji kilichofungwa kwenye voliamu ya toni, nitaipita haraka. Mikrofaradi 0.047 hutumika sana kwa koili moja na 0.022 kwa hambaka. Mgongoni zimeandikwa 473 na 223. Kapasita yoyote nzima ya thamani hiyo itafanya kazi, na wanaouziwa kapasita za bei ya mbuzi kwa ahadi ya sauti tamu zaidi wananunua maneno.

Kuhusu vumbi la mkoa huu sina haja ya kuwasimulia. Voliamu inayokwaruza ikizungushwa, au inayokata sauti na kuirudisha, mara nyingi imeingiwa na vumbi lililokaa kwenye njia ya kaboni. Izungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Ikibaki hivyo, tumia dawa ya kupulizia ya kusafishia viungo vya umeme. Mafuta ya cherehani yanatuliza mkwaruzo kwa wiki chache, kisha yanageuka gundi ya kukusanyia vumbi jipya. Swichi na tundu la jeki vinahitaji uangalizi huo huo.

Tuseme basi umepima yote hayo na bado pikapu ndiyo yenye kosa, au kweli unataka sauti ya aina nyingine. Kabla ya kuagiza, pima umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya mahali pikapu inapokaa, kwa maana hambaka hutengenezwa kwa nafasi mbili zilizozoeleka, moja ya karibu milimita 50 na nyingine ya karibu 53, na nguzo za sumaku zikiwa mbali na nyuzi za pembeni, nyuzi hizo zitasikika hafifu. Pima kina cha shimo la ubao. Tazama kama pikapu mpya ina nyaya mbili au nne. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, vipuri kutoka Kariakoo vinaweza kukufikia siku hiyo hiyo, jambo ambalo ni zuri. Lakini kasi hiyo imefanya watu waagize kwanza na wapime baadaye.

Siku ya kazi, chora mchoro wa nyaya zilivyo kabla ya kukata hata mmoja, au piga picha kwa simu pande zote. Legeza nyuzi, fungua kibamba, na tazama kila waya unatoka wapi na unaishia wapi. Kisha lehemu.

Kwa mafundi wa redio sehemu hii ni nyepesi, kwa hiyo nasema na wapigaji. Risasi ya kawaida ya kulehemu, ile yenye bati asilimia 63, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, lakini mgongo wa voliamu ni kipande kikubwa cha chuma kinachonyonya joto. Chuma cha kulehemu cha wati 15 kitakaa pale dakika nzima, kitaipika njia ya kaboni iliyo ndani, na kiungo bado kitakuwa baridi. Cha wati 40 hadi 60 kitamaliza kwa sekunde chache. Kwangua mgongo huo kwa msasa kwanza, upake risasi kidogo, upake risasi waya pia, kisha viunganishe. Tumia risasi yenye utomvu ndani yake, wala si dawa ya tindikali ya mafundi bati, ambayo hula shaba polepole baada ya wewe kuondoka. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Rangi za nyaya ndizo zinazoleta maafa makubwa, kwa sababu hazina sheria moja. Kwenye hambaka yenye nyaya nne ya kampuni ya Seymour Duncan, waya mweusi ni wa ishara, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja na kufungwa utepe, na wa kijani pamoja na ule ulio uchi huenda ethi. Kwa kampuni ya DiMarzio, ishara ni mwekundu, vinavyounganishwa ni mweusi na mweupe, na kijani pamoja na ulio uchi ndio huenda ethi. Fundi akifunga hambaka ya DiMarzio kwa mchoro wa Seymour Duncan, koili moja itakuwa imegeuzwa: ishara za nyuzi zitafutana, mvumo wa umeme utajumlika, na kila kilichokusudiwa na Seth Lover kitakuwa kimepinduliwa. Ikiwa pikapu haina jina, tumia mita kutafuta jozi: nyaya mbili zinazosoma karibu kiloomu 4 kati yao ni koili moja, na mbili zilizobaki ni koili ya pili.

Ili kujua upande wa kila koili, mita ya sindano inafaa kuliko ya namba. Iweke kwenye kipimo kidogo kabisa cha volti za mkondo mnyoofu (DC), funga nyaya zake kwenye koili, kisha gusisha bisibisi ya chuma juu ya nguzo za sumaku na uangalie sindano imeruka upande gani. Fanya hivyo kwa kila koili, ukigeuza nyaya za mita mpaka sindano iruke upande mmoja kwa zote. Waya uliokaa kwenye upande wa chanya kwa kila koili ndio mwanzo wake. Katika kufunga mfululizo, mwisho wa koili ya kwanza unaungana na mwanzo wa koili ya pili. Kipimo hicho hicho kinatumika kulinganisha pikapu mpya na ile ya zamani iliyobaki kwenye gitaa. Zikipingana, kila moja peke yake italia vizuri, lakini swichi ikiwekwa katikati sauti itakuwa nyembamba, ya puani. Dawa yake ni kubadilishana nyaya za pikapu moja. Kuna tahadhari: pikapu yenye kifuniko cha chuma na waya mmoja uliozungukwa na wavu haibadilishwi hivyo bila kutenganisha kwanza kifuniko na waya wa ethi, kwa kuwa kifuniko kitageuka kuwa sehemu ya ishara, na kila utakapokigusa gitaa litanguruma.

Hambaka ya nyaya nne inakupa pia uchaguzi. Unaweza kuzima koili moja kwa swichi ili ipate sauti ya koili moja, na hilo ndilo wengi wanaloomba. Mimi nawashauri wafunge koili zote mbili sambamba badala ya mfululizo: hambaka ya kiloomu 8 itasoma 2, sauti itakuwa na ung'avu unaokaribia wa koili moja, na uwezo wa kufuta mvumo utabaki. Kwenye ukumbi wenye taa za mrija, au kwenye mkutano wa hadhara unaotumia jenereta, tofauti hiyo inasikika tangu mpigaji anapofungua voliamu.

Sasa ethi. Katika gitaa, migongo ya voliamu, shina la jeki, nyaya za ethi za pikapu na daraja la nyuzi vyote vinatakiwa kuwa kitu kimoja kiumeme. Waya wa daraja hupita ndani ya ubao na kubanwa chini ya chuma, na huachia bila kuonekana. Weka mita kati ya uzi na shina la jeki. Ikisoma zaidi ya omu chache, umepata chanzo cha mvumo. Ukitaka kuziba shimo la nyaya kwa karatasi ya chuma, ile ya shaba inalehemika moja kwa moja. Ya aluminiamu haishiki risasi, ibane kwa skrubu yenye waya wa ethi. Karatasi isiyounganishwa na ethi haizuii kitu.

Kwa kuwa nyuzi zimeunganishwa na ethi ya amplifaya, mwili wa mpigaji nao umeunganishwa. Hapo ndipo suala la sauti linapogeuka suala la uhai. Nimeona plagi za pini tatu zilizong'olewa pini ya ethi ili mvumo upungue, na mpigaji amesimama na nyuzi mkononi huku midomo ikikaribia maikrofoni iliyofungwa kwenye mashine nyingine. Kukiwa na hitilafu kwenye moja ya mashine hizo, umeme utapita kwake. Isitoshe, udongo wetu hukauka miezi mingi ya mwaka, na udongo mkavu unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo nondo ya ethi iliyofanya kazi vizuri mwezi wa pili inaweza kuwa haifai mwezi wa tisa. Vifaa vyote vya jukwaani vichomekwe kwenye chanzo kimoja chenye ethi iliyopimwa, jenereta nayo iwe na nondo yake, na mvumo utafutwe ndani ya gitaa, usifutwe kwenye plagi.

Wapo wenye pikapu zinazopiga filimbi sauti ikipanda. Hiyo ni koili iliyolegea inayotetemeka yenyewe, na tiba yake ni nta. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu nne za nta ya mishumaa kwa moja ya nta ya nyuki, ambayo Singida na Manyoni tunayo ya kutosha. Chombo cha nta kiwekwe ndani ya maji ya moto, kamwe kisiwekwe juu ya moto wenyewe, joto lisimamiwe karibu nyuzijoto 65, na pikapu izamishwe mpaka mapovu ya hewa yaishe. Joto likizidi, plastiki ya koili hupinda, na pikapu iliyopinda haina matibabu.

Kabla ya kurudisha skrubu, chomeka gitaa na uguse kila pikapu kwa bisibisi, ukisogeza swichi hatua kwa hatua. Kisha rudisha nyuzi, kaza hadi tuni yake, na upange kimo: bonyeza uzi kwenye kizuio (freti) cha mwisho cha shingo, uache milimita 2 hadi 3 kati ya uzi mnene na pikapu, na pungufu kidogo upande wa nyuzi nyembamba. Usiipandishe zaidi kwa tamaa ya nguvu. Sumaku ya aliniko ya koili moja ikikaribia mno huvuta uzi, na noti za juu kwenye shingo zinasikika kama zina sauti mbili zinazogombana. Nimewahi kuletewa gitaa lililopelekwa kwa mafundi watatu kwa ajili ya ugonjwa huo, na likapona kwa kugeuza skrubu mbili. Pikapu ya zamani ifungwe kwenye mfuko pamoja na voliamu zake na mchoro ule wa mwanzo, na kwa nje yaandikwe vipimo vyake vya ukinzani, kwa sababu atakayelinunua gitaa hilo kesho anaweza kuitaka.

Hapa mezani lipo gitaa lenye hambaka mbili, moja haisemi kabisa, na mwenyewe yumo ukumbini na ameturuhusu. Tutalipima kupitia tundu la jeki kabla ya kulifungua. Mwenye mita ya sindano aje nayo mbele.